Mama kaja kunitembelea, na mimi na mume wangu tulishalipia wikiendi ya Den Bosch

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwenyeji wa Morogoro, naishi Amsterdam huu mwaka wa tisa. Mume wangu ni Mholanzi, tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitano. Mwezi wa kwanza tulikaa mezani tukakubaliana kwamba katikati ya Septemba tutatoka siku mbili, mimi na yeye tu, kwa sababu tangu mtoto azaliwe hatujawahi kulala nje bila yeye. Mume wangu akachagua Den Bosch, mji mkongwe wa Brabant, mkoa wa kusini, wenye kuta za ngome, ambako pori liko jirani. Akalipia hoteli usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Mtoto atakwenda kwa bibi yake mzaa baba.

Baada ya hapo visa ya mama yangu, ambayo walishaikataa mara moja, ikatoka. Mama aliingia mwisho wa Julai na anarudi katikati ya Oktoba. Ana miaka 68. Ana kisukari, anameza vidonge, na goti la kulia linamsumbua: akitembea nusu saa lazima apate pa kukaa. Kiholanzi hajui, Kiingereza ni cha salamu. Mchana tunapokuwa kazini anapika, anasali rozari, anamsubiri mjukuu atoke shule.

Siku niliyomwambia habari ya safari alikuwa anachambua spinachi sinki ya jikoni. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nendeni wanangu, mimi nitalala tu." Tangu siku hiyo haulizi tena, na jioni anaingia chumbani mapema kuliko alivyozoea.

Dada yangu mkubwa akapata habari. Akanipigia simu: "Umempandisha mama ndege aje kukulindia nyumba?" Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Nilimgusia mume wangu tumchukue. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sawa, kama unataka." Naijua sura yake. Jumamosi amepanga tuendeshe baiskeli mpaka kwenye matuta ya mchanga ya Loon na Drunen, kwenda na kurudi kilomita thelathini na kitu. Jumapili tupande mashua za Binnendieze. Mama kwenye baiskeli hawezi, na kwenye mashua sijui.

Nina rafiki Mtanzania anayeishi Almere, amesema yuko tayari kulala na mama. Hoteli inaruhusu kubadilisha bila makato mpaka siku saba kabla. Zimebaki wiki tatu. Nikienda bila mama naona nimemtupa. Nikienda naye naona nimemvunjia ahadi mume wangu. Nifanyeje?

Mtoto wa Mama, Amsterdam

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonigusa ni kwamba hakuna mtu mbaya ndani yake. Una mume aliyengoja miaka mitano kupata siku mbili na mke wake. Una mama aliyehangaikia visa mara mbili ili aje kumwona binti yake. Wote wawili wanadai muda wako, na wikiendi ni ileile moja.

Kabla hatujafika kwenye treni na hoteli, nikuulize kitu. Mama amesema "nendeni wanangu, mimi nitalala tu", wewe ukasikia "mmenitupa". Inawezekana umesikia sawa, wewe ndiye unayemjua. Lakini maneno yaleyale mama wa miaka 68 anaweza kuyasema kwa sababu nyingine kabisa. Anaweza kuwa anaogopa kubaki peke yake kwenye nyumba ambayo jiko lake halina moto unaoonekana na kengele ikilia hajui ajibu nini. Anaweza kuwa anaona aibu kuonekana amekaa katikati ya ndoa ya mwanawe, maana kwetu mkwe hulindiwa heshima. Au kweli anataka kulala, kwa kuwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitano inachosha. Kila sababu hapo ina dawa yake. Hofu ya jiko haiponi kwa kupelekwa Den Bosch, na kiu ya kuwa nawe haiponi kwa kuletewa rafiki kutoka Almere.

Na mume wako vilevile. Alisema "sawa", wewe ukajibu ile sura. Hujamuuliza ni kipi hasa kwenye hizo siku mbili ambacho asingependa kukikosa. Huenda ni baiskeli. Huenda ni chakula cha jioni bila mtu wa kukatiwa nyama. Kama ni usiku mmoja wa wawili ndio anaoutaka, hesabu inabadilika.

Dada yako wa Morogoro anampenda mama, na yuko mbali. Neno lake lisikilize kama uchungu wa mtu aliye mbali. Hajui kwamba mliahidiana tangu Januari, wala hajui mama anashindaje hapo kwako.

Sasa twende Den Bosch kwenyewe, kwa sababu ulivyouandika mji huu ni kama kitu kimoja cha kuchukua chote au kuacha chote, na haiko hivyo.

Kwanza, yale matuta ya mchanga hayako mjini. Ukitoka stesheni kwa baiskeli kuelekea Giersbergen, kijiji kilicho ukingoni mwa matuta upande wa Drunen, ni kilomita kama kumi na tano. Hiyo ni mbuga ya taifa tangu 2002, mchanga mtupu unaohama kwa upepo, na kuutembea kilomita moja kunachosha kama mbili za barabarani. Kivuli kiko pembeni tu, kwenye misonobari. Kwa goti la mama hapo hapafai, hilo tulikubali. Kwa ninyi wawili ni siku nzuri sana, mkibeba maji lita moja kila mtu. Baiskeli za kukodi za OV-fiets zipo stesheni. Kadi moja ya usafiri inatoa baiskeli mbili, lakini sharti huduma hiyo iwe imeshawashwa kwenye kadi, na zirudishwe palepale mlipozichukulia, vinginevyo mnaongezewa malipo. Fuateni namba za makutano kwenye vibao vya njia za baiskeli. Ziandikeni kwenye karatasi, msitegemee simu peke yake. Jioni mjikague kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni. Ukimkuta, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute taratibu, usimpake mafuta wala kumchoma, kisha andika tarehe. Wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linapanuka, nenda kwa daktari. Na mialoni yenye viota vyeupe kama utando kwenye shina msiikaribie. Ni viota vya viwavi, na vinyweleo vyao vinawasha hata baada ya viwavi wenyewe kuondoka.

Lakini Den Bosch lina pori jingine, na hili watu wengi hulipita. Upande wa kusini mji unakoma ghafla. Unasimama juu ya ukuta wa ngome, nyuma yako nyumba za matofali na kengele za kanisa, mbele yako majani na maji mpaka macho yachoke. Hilo ndilo Bossche Broek, kinamasi ambacho kwa karne nyingi kiliulinda mji hata ukaitwa joka la kinamasi. Mwaka 1629 Frederik Hendrik wa Orange, jemadari wa Waholanzi Waprotestanti, alilazimika kujenga kingo za kuzuia maji na kuyasukuma maji kwa vinu ndipo akauteka, tarehe 14 Septemba. Leo hii mahali hapo hupokea maji mito inapojaa. Mama hahitaji kushuka majanini. Atakaa juu ya ukuta atazame korongo, naye atakuwa ameliona pori la Uholanzi kwa mwendo mfupi kutoka kanisa kuu.

Na hilo kanisa kuu ndilo linalonifanya nisilipite jambo la mama haraka. Umesema anasali rozari, na ni mtu wa Morogoro. Wengi wa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofanya kazi Morogoro miaka mingi walikuwa Waholanzi, na seminari yao ya Gemert ilikuwa kwenye kasri humohumo Brabant. Inawezekana padri aliyembatiza mama alisomea mwendo wa saa moja hivi kutoka hapo. Muulize jina la padri wa parokia yake ya utotoni, halafu mwache azungumze.

Ndani ya Sint-Jan, ndilo hilo kanisa kuu, kuna sanamu ya Bikira Maria ambayo watu wa pale humwita Mama Mtamu. Mji ulipotekwa Wakatoliki walinyang'anywa kanisa, sanamu ikapelekwa Brussels, na haikurudi mpaka 1853. Mbele yake mishumaa haizimiki. Nje, juu ukutani, kati ya malaika wa mawe waliochongwa wakati wa ukarabati, kuna mmoja aliyewekwa 2011 amevaa jinzi na anaongea na simu. Kumwona inabidi mtu akuonyeshe kwa kidole, na mjukuu wa miaka mitano ndiye hasa wa kazi hiyo.

Mashua za Binnendieze nazo zinahitaji neno la wazi. Ni mto unaopita chini ya nyumba, kwa sababu zamani watu walikosa nafasi ndani ya kuta wakajenga juu ya maji. Mashua ni wazi, safari huchukua chini ya saa nzima, na kwenye matao mnainamisha vichwa. Tatizo la mama ni kuingia: unashuka ngazi, kisha unakanyaga kitu kinachoyumba. Kuendelea kukaa hakuna shida. Piga simu kabla ya kukata tiketi, uliza ngazi ni ngapi, kuna mtu wa kumshika mkono, na kama kuna mashua yenye njia rahisi zaidi. Mwongozaji kwa kawaida huzungumza Kiholanzi, kwa hiyo wewe utakuwa mkalimani. Chini ya matao kuna baridi hata siku ya jua, achukue kanga nzito au shali.

Basi tazama njia zilizo mbele yako.

Mnaweza kwenda wawili kama mlivyopanga, na rafiki yako alale kwa mama. Hapo ndoa yako inapata haki yake yote. Hatari ni kwamba mama atabaki na maswali yake, na ukirudi na picha za matuta utaona kimya kilekile. Ukiichagua hii, usimkabidhi rafiki ufunguo siku ya safari. Mlete wiki moja kabla, wapike pamoja, mama amzoee. Mfundishe mama jiko hatua kwa hatua, umwache awashe mwenyewe mara tatu. Bandika mlangoni namba ya rafiki, ya jirani, na 112 ya dharura. Cheti cha bima yake ya visa kiwe mezani, na namba ya zamu ya madaktari wa wikiendi, ambako lazima upige simu kwanza ndipo uende.

Mnaweza kwenda naye siku zote. Hatari hapa ni mbili. Ya kwanza ni hoteli: nyumba za zamani za katikati ya mji mara nyingi zina ngazi nyembamba zinazosimama kama za kupandia darini, na kuna zisizo na lifti. Uliza lifti, uliza kama bafu ni la kuingia kwa kunyanyua mguu juu ya beseni, na usikubali chumba kimoja cha watu watatu. Ya pili ni Jumamosi. Ama mume wako anaendesha baiskeli peke yake, au mnamwacha mama hotelini saa sita katika mji asioujua, na hapo utakuwa umemwacha vilevile, tena pabaya zaidi ya nyumbani.

Mnaweza kuigawa. Ijumaa na Jumamosi ni zenu. Jumapili asubuhi mama mkwe wako, kama yuko tayari, anapanda treni na mama yako na mtoto, mnawapokea stesheni, Misa, chakula, ukuta wa kinamasi, jioni mnarudi wote. Kutoka Amsterdam ni kama saa moja, na treni za moja kwa moja zipo. Inavutia, lakini inamtegemea mtu ambaye hujamuuliza bado, na wanawake wawili wasio na lugha moja watakaa saa nzima wakitabasamu. Wengine hufurahia, wengine huchoka. Pia ukarabati wa reli hufanywa zaidi wikiendi. Angalia programu ya NS, shirika la reli, jioni ya Jumamosi. Ukiona mabasi badala ya treni kati ya Utrecht na Den Bosch, kwa goti lile ahirisheni.

Au mnampeleka mama siku yake mwenyewe kabla ya hapo, wewe na yeye tu. Ukichukua siku ya mapumziko Jumatano, pale Markt, uwanja wa katikati ya mji, kuna soko. Hapo safari ya Septemba haitakuwa tena kitu ambacho mama amenyimwa. Gharama yake ni siku ya likizo na nauli.

Na kuna kuahirisha mpaka mama aondoke. Mtabaki na wiki mbili tu za Oktoba, maana mashua za kawaida huishia mwisho wa mwezi huo hivi, na saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho, giza linaingia saa kumi na moja na nusu jioni. Sharti mume wako akubali kwa moyo. "Sawa, kama unataka" isikutoshe.

Yoyote mtakayochagua, mama akipanda treni shika haya. Kila abiria hugusa kadi yake mwenyewe. Kadi yako ya benki haiwezi kumlipia na yeye. Mnunulie tiketi yake kwenye programu au kwenye mashine. Msipande kati ya saa kumi na saa kumi na mbili na nusu jioni siku za kazi, kwa kuwa punguzo halifanyi kazi na viti hakuna. Kwenye treni za ghorofa, ukiingia tu kuna ngazi za kupanda au kushuka. Mkalishe kwenye viti vya kukunja vya mlangoni. Ubao utaandika 's-Hertogenbosch, ndilo jina rasmi la Den Bosch, usije ukaipita stesheni. Awe na pasipoti yake halisi, kwa sababu sheria inamtaka kila mwenye miaka 14 na zaidi aweze kuonyesha kitambulisho. Kutoka stesheni mpaka Sint-Jan ni kilomita moja na kidogo, lakini mitaa mingi ya katikati ni ya mawe yaliyotokeza, kwa hiyo viatu vya soli nene na fimbo yenye mpira, na mapumziko Markt katikati ya njia. Vidonge vyake vikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pakiti ya juisi, maana kutembea kuliko kawaida kunaweza kushusha sukari. Ile keki ya mji, Bossche bol, ni kubwa kama ngumi, imejaa krimu na kufunikwa chokoleti. Agizeni moja, mgawane watatu.

Kabla ya yote hayo, kaa na mama. Usiende na swali la "utakuja au hutakuja", kwa sababu atakujibu kwa kukuhurumia. Siku ya kuchambua mboga, simama naye sinki moja, ushike fungu lako, umwambie: "Mama, tukiondoka zile siku mbili, ni kitu gani hapa ndani kinakutia wasiwasi?" Kisha nyamaza, hata akichukua muda. Usiku huohuo muulize mume wako lile la kwake: kipi hasa asingependa kukikosa. Una wiki tatu, lakini hoteli inakupa mbili tu. Majibu yao ukiyapata wiki hii, siku ya kuwapigia simu hotelini utakuwa unajua unaomba nini: chumba cha pili, usiku mmoja kupungua, au kila kitu kibaki kilivyo.

Niandikie tena mama akishakutajia jina la yule padri.